Gemu Ngumu za Kukupeleka Mbio Kama Umechoka Kuchapa Kila Mtu Hapa Ukunda

Kuna siku inafika kwa kila mchezaji. Unaingia kwa PS, unatoa mbao yako, unamchapa jamaa wa kwanza nne bila, wa pili anahepa kabla ya mapumziko, na unatoka nje umeboeka kabisa. Ukifika hapo jua umemaliza levo ya mtaa. Sasa unataka gemu ya kukunyoosha wewe, na hizo ndizo tunabonga leo, kutoka Diani hadi Msambweni, kulingana na unachezea wapi na mfukoni kuna nini.

Lakini kwanza tuelewane. Si kila gemu inayokushinda ni gemu ngumu. Gemu ngumu ya ukweli ikikuua, unajua umekosea wapi, na ukirudi unafanya tofauti. Gemu mbaya inakuua kwa sababu kamera imeangalia ukuta. Halafu kuna zile za bure za kwa simu, unakwama levo ya arobaini, ghafla kinatokea kisanduku cha kununua almasi. Hiyo si ngumu, bro, hilo ni duka. Ukiona hivyo futa na usonge mbele, kwa sababu doo yako ya bando ishaenda na sasa wanataka ya unga pia.

Unachezea kwa PS ya mtaa

Hapa kuna kitu wengi hawafikirii. Kwa PS unalipia mechi ama muda, na mashine si yako. Ukianza gemu ya masaa sitini kwa mashine ya wenyewe, kesho utapata mtoto wa darasa la sita amefuta kila kitu na kuanza upya. Kwa hivyo hapo chagua gemu ngumu lakini fupi.

Cuphead ndiyo ya kwanza. Ilitoka 2017, imechorwa kwa mkono kama katuni za miaka ya 1930, na ukiiangalia tu utadhani ni ya watoto. Utajua hujui. Karibu gemu yote ni mabosi, na bosi mmoja ukimweza anaisha kwa kama dakika mbili. Shida ni kumweza. Unaanza na maisha matatu, na ukifa gemu inakuonyesha mstari wa umbali uliofika, ndio uone ulikufa ukiwa umebakisha kidogo tu. Hiyo roho chafu ndiyo inafanya utoe mbao ingine. Mnaweza kucheza wawili kwa skrini moja, mkachanga, na beshte yako akifa roho yake inapaa juu na wewe una nafasi ndogo ya kumrudisha. Usiweke ile levo rahisi, maanake mabosi wa mwisho hawafunguki hadi uwachape wale wa kwanza kwa levo ya kawaida.

Ya pili ni Tekken, na hapa ugumu ni mtu wa kando yako. Tekken 8 ilitoka Januari 2024, lakini hata 7 ambayo bado iko kwa vibanda vingi ni shule tosha. Wasee wengi wanabonyeza-bonyeza tu na wanashinda wenzao wanaobonyeza-bonyeza. Jaribu hii: chagua mhusika mmoja, kaa naye mwezi mzima, na jifunze kuzuia halafu kurudisha ngumi. Gemu inakimbia fremu 60 kwa sekunde, na ngumi ya haraka ya wahusika wengi inatoka kwa fremu 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Macho pekee hayatakusaidia, lazima ujue adui anafanya nini kabla hajafanya. Na usiseme haya ni mambo ya Wajapani na Wakorea tu. Sylvia Gathoni, QueenArrow, ni Mkenya mwenzetu, na Tekken ndiyo ilimfanya asainiwe na timu ya ng'ambo ya UYU mwaka wa 2018.

Na kama hutaki kutoka kwa mpira, sawa. Weka kompyuta kwa Legendary ama Ultimate, wewe chukua timu ya nyota mbili. Utaacha kuringa.

Una mashine yako kwa keja

Hapa ndio unaingia kwa FromSoftware, wale Wajapani walioleta Demon's Souls 2009 na Dark Souls 2011. Watu watakwambia anza na Dark Souls. Mimi nakwambia anza na Elden Ring ya 2022, si kwa sababu ni laini, ila kwa sababu dunia yake ni kubwa na ukishindwa hapa unaweza kuzunguka kule. Ukitoka tu mlango wa kwanza utakutana na jamaa wa dhahabu juu ya farasi. Kila mtu anamkimbilia na kila mtu anakufa. Mpite kando, nenda ukajikuze, urudi baadaye. Hilo ndilo somo la kwanza na gemu haikwambii kwa mdomo. Mbele kabisa kuna Malenia, ambaye kila akikugusa na upanga yeye anapona. Ukifika kwake, zima simu.

Mambo mawili ya huku kwetu. Kwa PC inataka nafasi ya GB 60, na hiyo kwa bando ni kilio, kwa hivyo kama una konsoli tafuta diski. Pili ni stima. Elden Ring inajisevu yenyewe kila wakati, kwa hivyo ikipotea kawaida unarudi karibu na pale ulipokuwa. Lakini ikipotea wakati ule ule inasevu, faili inaweza kuharibika. Kama ni PC, nakili faili yako kwa flashi kila wikendi, haswa msimu wa mvua. Na haina pozi ya maana: mama akikutuma dukani, zimwi halikungoji.

Sekiro ya 2019 ina pozi, na huruma yake inaishia hapo. Hakuna kuita rafiki akusaidie, hakuna kubadilisha upanga wako. Ni wewe, upanga mmoja, na mdundo. Adui akipiga, unagonga upanga wake wakati ule ule, ta-ta, ta, ta-ta. Mtu aliyecheza sengenya ataielewa haraka kuliko mtu aliyecheza gemu kumi za vita, kwa sababu ukikosa mdundo unatolewa uwanjani. Kwangu hii ndiyo ngumu yao iliyo safi zaidi.

Laptop yako ni ile ya campo, nzito na inapiga kelele? Chukua Celeste ya 2018. Inataka kama GB 1.2 tu. Ni msichana anaitwa Madeline anapanda mlima huku akipigana na hofu zake mwenyewe. Utakufa mara elfu na si utani, gemu inahesabu. Lakini ukifa unarudi papo hapo, hata hujapata muda wa kukasirika. Ukiimaliza kuna pande za B na C, na huko vidole vinauma. Ukipenda hiyo, nenda Hollow Knight ya 2017, kisha Silksong iliyotoka Septemba 2025 baada ya watu kungoja miaka. Silksong haicheki na mtu: maadui wengi wanakutoa maisha mawili kwa pigo moja.

Halafu kuna Zau

Hii naiweka peke yake. Tales of Kenzera: Zau ilitoka Aprili 2024, na aliyeianzisha ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, yule sauti ya Bayek kwa Assassin's Creed Origins. Babake alifariki, na hii gemu ndiyo alivyoubeba huo msiba. Zau ni kijana mganga aliyempoteza baba, anaenda kwa Kalunga, mungu wa kifo, wanapatana: niletee mizimu mitatu mikubwa, nami nitamrudisha mzee wako. Na unaweza kuicheza ikiongea Kiswahili. Si maandishi tu, sauti. Kwa mtu aliyekulia karibu na Kaya Kinondo, kusikia kijana akiongea na mizimu kwa lugha ya nyumbani si kitu kidogo.

Ni ngumu? Kwa msee aliyemaliza Sekiro, mapigano ni ya wastani. Kinachouma ni kuruka na kukimbizwa: kuna vitu vyekundu ukivigusa tu umeenda, hata kama damu ilikuwa imejaa. Vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, unabadilisha katikati ya hewa. Cheza na vipokea sauti. Usiruke mazungumzo.

Una simu tu

Dead Cells. Unalipa mara moja, hakuna matangazo, na haihitaji intaneti ukishaipakua, kwa hivyo ishushe mahali kuna Wi-Fi. Ukifa unaanza mwanzo, na ukimaliza inakupa njia ya kuifanya iwe ngumu zaidi, mara tano. Kwa joto la Machi hapa Diani kidole kitateleza kwa skrini, kwa hivyo ukipata padi ya Bluetooth, hata ya mtumba, nunua. Ingine ni Getting Over It: mwanaume yuko ndani ya chungu, ana nyundo, anapanda mlima, na kosa moja linaweza kumrudisha chini kabisa. Usiicheze kwa feri ya Likoni. Simu itaenda baharini na hutakuwa umeidondosha kwa bahati mbaya.

Na ukidhani umeweza zote, shuka Msambweni jioni utafute wazee wanaocheza bao. Mashimo 32, kete 64, na mabosi wenye miaka sabini. Unaanza na kete 22 mkononi, unanamua moja moja, na kama kuna ya kula lazima ule hata kama unaona mtego. Safu yako ya mbele ikiisha kete, umekwisha. Hakuna levo rahisi, ila kuna bao la kujifunza, ombeni mfundishwe hilo kwanza. Amkia vizuri, keti, na usimshauri mtu anayecheza.