Uhuru Iliyopaa Ngomeni

Nilizaliwa Malindi mwaka wa 1963, kwa hiyo neno "uhuru" nimelisikia tangu ningali mchanga. Uhuru mmoja tu sikuambiwa na mtu. Niliukuta kitabuni nikisomea ualimu wa fizikia: setilaiti iliyorushwa kutoka baharini Ngomeni, kaskazini kidogo ya kwetu, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya. Siku hiyo nilikuwa na miaka saba, na nadhani nilikuwa nakula pilau.

Waitaliano wa Profesa Luigi Broglio walikuwa wamesimamisha pale majukwaa ya chuma juu ya maji: San Marco la kurushia, Santa Rita la kuongozea. Pwani yetu iko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Roketi ikielekezwa mashariki husaidiwa na mzunguko wa dunia, na setilaiti inayopita juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya mnururisho unaovuruga vipimo. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo NASA, ndiye aliyeiita Uhuru kwa heshima ya Wakenya.

Kazi ya Uhuru ilikuwa kutazama eksirei za angani. Hizo hazifiki ardhini, hewa huzimeza. Kabla ya hapo mwanafizikia Riccardo Giacconi na wenzake walitumia roketi zilizochungulia dakika chache kisha zikaanguka. Uhuru ilitazama zaidi ya miaka miwili, ikatuachia orodha ya vyanzo 339. Wengi husimulia shimo jeusi la Cygnus X-1. Mimi navutiwa zaidi na makundi ya galaksi, kama Coma na Perseus. Ilikuwapo mianga iliyotoka kwenye viini vya galaksi moja moja, lakini huko mng'ao ulitanda kundi zima, kama moshi wa ubani chumbani.

Ni nini hicho? Jibu nalo lilipaa Ngomeni. Setilaiti Ariel 5 ya Waingereza, iliyorushwa 1974, iliona alama ya chuma katika eksirei za Perseus. Basi ni gesi, yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, na chuma chake kilipikwa ndani ya nyota. Gesi hiyo ina uzito kushinda nyota zote za kundi, ila mvutano wake hautoshi kuizuia isitawanyike. Kuna kitu kisichoonekana kinachoishikilia.

Mizani ya pili ilitoka kwenye mwanga wenyewe. Mwaka wa 1988 wanaastronomia wa Toulouse walithibitisha kwamba upinde mrefu katika kundi la Abell 370 ni sura ya galaksi iliyo mbali nyuma yake, imepindwa na mvutano wa kundi. Uzito uliohitajika kuipinda hivyo ulizidi mno ule unaoonekana.

Machi mwaka huo huo San Marco ilirusha roketi yake ya mwisho. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi kuyaona majukwaa. Mvuvi aliyetupakia mashuani aliyaita "vyuma vya Waitaliano", akasema chini yake tewa hawakosi.