Jina la Mtawala na Jina la Mola: Maandishi ya Dini katika Sarafu za Kilwa

Denari ya fedha ya Roma aghalabu ilibeba sura ya kaisari upande mmoja na ya mungu upande wa pili. Sarafu za Kilwa Kisiwani, nyingi zikiwa za shaba, hazina sura yoyote. Zimejaa maandishi ya Kiarabu. Upande mmoja hutaja jina la mtawala, na wa pili hueleza kwamba anamtumaini Mola mwenye neema. Pande hizo mbili zimefungwa kwa kina: katika sarafu za Ali bin al-Hasan, jina "al-Hasan" hulingana na neno "al-minan", yaani neema. Msomaji hulazimika kuigeuza sarafu ili kina kitimie. Hivyo jina la mtawala halikamiliki pasipo Mola wake.

Kina hicho hakikuwa pambo tupu. Al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, alipewa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Mtawala huyo naye alitoa sarafu zenye tamko la kumtumaini Mungu. Kwa njia hiyo ukarimu wa kasri ulielezwa kuwa tawi la neema ya Mola, na utii kwa mtawala ukapata msingi wa kidini.

Hata hivyo, sarafu hizo hazina tarehe, na tamko la namna moja hurudiwa na watawala mbalimbali. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, aliuweka utawala wa Ali bin al-Hasan karibu na mwisho wa karne ya 12. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilipatikana akiba ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, baadhi zikiwa na jina hilohilo, pamoja na dinari za dhahabu za kigeni zenye tarehe. Dinari hizo ziliwafanya watafiti waurudishe utawala huo hadi karne ya 11.

Kwa hiyo, maandishi hueleza imani na madai ya mtawala, lakini wakati wake hufahamika kwa vitu vilivyozikwa pamoja na sarafu. Sarafu inayookotwa Kilwa au Songo Mnara bila kuandikwa mahali ilipolala hubaki na sala yake, ila hupoteza historia yake.