Kinga ya Shingo Katika Kriketi

Kinga ya shingo ni kipande cha povu na plastiki kinachopachikwa nyuma ya helmeti ya mpigaji wa kriketi, kikafunika ukosi na sehemu iliyo chini ya masikio. Ni kifaa kichanga katika mchezo mkongwe. Hata helmeti yenyewe ilichelewa. Mwaka 1933 Mwingereza Patsy Hendren aliwakabili warushaji wa West Indies akiwa na kofia maalumu aliyoshonewa na mkewe, lakini mchezaji wa kwanza kuvaa helmeti katika mechi ya kimataifa ya Test alikuwa Graham Yallop wa Australia, Machi 1978 mjini Bridgetown, Barbados. Watazamaji walimzomea.

Helmeti ililinda fuvu, na vyuma vya mbele vikalinda uso. Shingo ikabaki wazi. Mpira wa kriketi ni mgumu, una uzito wa takriban gramu 160, na warushaji hodari huupeleka kwa kasi inayozidi kilomita 140 kwa saa. Ukidunda hadi usawa wa kichwa, mpigaji hugeuka ili aupige au aukwepe, na hapo ndipo shingo inapokaa njiani mwa mpira.

Ndivyo ilivyomfika mpigaji wa Australia, Phillip Hughes, katika uwanja wa Sydney Cricket Ground tarehe 25 Novemba 2014. Alikuwa na mikimbio 63, akacheza mapema mno mpira uliodunda, ukampiga shingoni chini ya helmeti. Ateri inayopanda kando ya uti wa mgongo ilipasuka, damu ikamwagika kuzunguka ubongo. Alifariki siku mbili baadaye, zikiwa zimebaki siku tatu atimize miaka 26. Sean Abbott, aliyeurusha mpira huo, hakuwa na kosa lolote, na uchunguzi wa mahakama mwaka 2016 haukumlaumu mtu yeyote kwa kifo hicho.

Mwaka 2015 kampuni ya Masuri ilitoa kinga ya kupachika iitwayo StemGuard. Wachezaji wengi waliikwepa. Mpigaji wa Australia Steve Smith alisema ilimfanya ajihisi amebanwa, na mazoea ya kucheza na shingo huru yalikuwa na nguvu kuliko kumbukumbu ya msiba. Agosti 2019, katika uwanja wa Lord's, mpira wa mrushaji wa Uingereza Jofra Archer ulimwangusha Smith kwa kumpiga shingoni, naye hakuwa na kinga. Marnus Labuschagne akaingia badala yake, mchezaji wa kwanza katika historia ya Test kumrithi mwenzake aliyepata mtikisiko wa ubongo.

Ushauri ulipogonga mwamba, ikaja amri. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2023, Cricket Australia, chama cha kriketi cha nchi hiyo, iliwalazimisha wachezaji wake wa kulipwa kuvaa kinga hiyo wanapokabili warushaji wa kasi na wa kasi ya wastani, nyumbani na ugenini. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, na ulipaswa kuja mapema zaidi.

Amri hiyo haikuvifikia viwanja vya vijana na vilabu vya mitaani. Oktoba 2025, kijana wa miaka 17 alipigwa na mpira shingoni akifanya mazoezi mjini Melbourne, akafariki. Alikuwa amevaa helmeti isiyo na kinga ya shingo.