Namna ya kuiwezesha seva kubana na kuhifadhi faili za skripti

Ukurasa wa tovuti unapochelewa kufunguka, lawama aghalabu huelekezwa kwa kampuni ya simu. Hata hivyo, mara nyingi kosa limo katika seva yenyewe, ambayo humpelekea msomaji faili za JavaScript bila kuzipunguza, na kumpelekea zizo hizo kila azurupo. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, njia ya intaneti ilipanuka kuliko ilivyokuwa zama za setilaiti, lakini mwenye simu anayenunua bando bado hulipia kila megabaiti anayopakua. Msimamizi wa tovuti asiyejali jambo hili hutumia vibaya fedha za wenzake.

Tiba ni mbili: kubana faili kabla ya kuzisafirisha, na kukiagiza kivinjari kizihifadhi.

Kubana hutegemea marudio. Skripti hujaa maneno yale yale, kama vile function na return, pamoja na majina aliyoyabuni mwandishi wa programu. Mbinu ya Deflate, ambayo ndiyo kiini cha gzip iliyotolewa mwaka wa 1992 na Jean-loup Gailly na Mark Adler, hutazama kilobaiti 32 zilizotangulia. Ikikuta mfululizo wa herufi uliokwisha kuandikwa, haiuandiki tena bali huelekeza nyuma ulikotokea. Maktaba ya jQuery toleo la 3.7.1, hata baada ya kuondolewa nafasi na maelezo ya ziada, ina takriban kilobaiti 87. Ikibanwa hushuka hadi karibu 30. Picha za JPEG na PNG zilikwisha kubanwa zilipoundwa, hivyo kuzibana tena ni kuichosha seva bure.

Katika seva ya Nginx, maagizo ni haya:

gzip on;
gzip_types text/javascript application/javascript text/css;
gzip_vary on;

Mstari wa pili ndio unaosahaulika. Bila huo, Nginx hubana kurasa za HTML pekee, na msimamizi hulala akidhani kazi imekwisha ilhali skripti, ambazo huenda ndizo mzigo mkubwa, zapita vilevile zilivyo. Aina zote mbili za JavaScript zatajwa kwa sababu seva hutofautiana katika kuziita, ingawa tangu mwaka wa 2022 jina rasmi ni text/javascript. Mstari wa tatu huziarifu seva za kati zisimpe faili iliyobanwa yule asiyeweza kuifungua. Wanaotumia Apache watapata huduma hiyo katika mod_deflate, kwa agizo la AddOutputFilterByType DEFLATE likifuatwa na aina hizo hizo.

Suala la kuhifadhi lina hatari zaidi. Kwa kawaida kivinjari chenye nakala yaweza kuiuliza seva kama faili imebadilika, nayo ikajibu kwa nambari 304, yaani bado ni ile ile. Faili haisafirishwi, lakini safari ya kuuliza imefanywa, na kwenye mtandao hafifu safari hiyo yenyewe ni gharama. Ukiandika expires 1y katika Nginx, kivinjari huambiwa kuwa nakala yake ni halali kwa sekunde 31536000, ambazo ni mwaka mzima, wala hakina haja ya kuuliza.

Je, ukigundua kosa katika skripti siku ya pili? Seva haina uwezo wa kuirudisha nakala iliyokwisha kutolewa. Ukurasa mpya wa malipo utaita kazi ambayo skripti ya zamani haiijui. Mteja atabonyeza kitufe kisitende lolote. La kuudhi zaidi, msanidi aliyeburudisha kivinjari chake ataona kila kitu kikienda sawa na kumshuku mteja.

Kinga yake ni kubadilisha jina la faili kila yaliyomo yanapobadilika, mathalani kutoka malipo.a31.js hadi malipo.b07.js. Kwa kivinjari hiyo ni faili nyingine kabisa. Ukurasa wa HTML unaoitaja usipewe muda mrefu. Upewe Cache-Control: no-cache. Agizo hilo lina jina la kupotosha, kwa kuwa halikatazi kuhifadhi bali hulazimisha kuuliza kabla ya kutumia. Linalokataza ni no-store, na hilo ndilo lifaalo kurasa zenye siri za mteja, kama vile salio la akaunti.

Baada ya kuiwasha seva upya, fungua zana za wasanidi katika kivinjari na uchague sehemu ya mtandao. Mbele ya kila skripti kuwe na Content-Encoding: gzip, na pale utakapoutembelea ukurasa mara ya pili, faili ionyeshwe kuwa imetoka katika hifadhi ya kivinjari.