Bei ya Soko: Istilahi Inayoulizwa Kati ya Kitale na Bungoma

Mwaka 2015 serikali ya Kaunti ya Bungoma ilinunua wilbaro kumi, kila moja kwa shilingi 109,320. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi wilbaro ya kawaida ilikuwa ya shilingi elfu chache. Kaunti ilijitetea kwamba zake zilikuwa za chuma kisichoshika kutu wala kuleta saratani. Maafisa walifikishwa mahakamani, na nchi nzima ikawa inaulizana bei ya wilbaro. Redioni na ndani ya matatu, kila hoja ilirudi kwenye fungu moja la maneno: bei ya soko. Kila msemaji alilitumia kana kwamba maana yake imekwisha kukubaliwa. Haijakubaliwa, na kwa afisa wa ununuzi anayeweka sahihi yake kwenye karatasi, pengo hilo ni hatari.

Mwishoni mwa mwaka huohuo Kenya ilipata Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoshaji wa Mali, iliyoanza kutumika Januari 2016. Kifungu cha 54 kinaagiza kwamba bidhaa, huduma na kazi za kawaida ambazo bei zake zinajulikana zinunuliwe kwa bei ya soko ya wakati huo. Kinaitaka pia Mamlaka ya Kudhibiti Ununuzi wa Umma itoe kila robo mwaka kielezo cha bei, ili wanunuzi wawe na mahali pa kurejelea. Sheria iliandikwa kwa Kiingereza, lakini wanaobishana juu yake, kuanzia mwenye duka hadi mjumbe wa bunge la kaunti, hubishana kwa Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili chake ni sehemu ya utekelezaji wake.

Nimesikia tafsiri tatu za maneno hayo ya Kifungu cha 54. Wapo wanaosema "bei inayotawala sokoni". Siipendi, kwa sababu inalifanya soko lionekane kama lina mfalme, na mfanyabiashara mmoja mwenye nguvu anaweza kudai kwamba bei yake ndiyo inayotawala. Wapo wanaosema "bei iliyopo". Hiyo ni nyepesi mno, maana hata bei iliyobandikwa kwenye bidhaa iliyokaa miaka mitatu bila mnunuzi ipo. Ya tatu ndiyo ninayoitetea: bei ya soko ya wakati huo, kwa maana ya kiasi ambacho kitu cha sifa zilezile kimekuwa kikiuzwa na kununuliwa, mahali hapo, siku hizo. Neno bei lenyewe linatuunga mkono. Limetoka Kiarabu, na huko maana yake ni mauzo, tendo la kuuza. Namba anayoitaja muuzaji kabla ya mtu yeyote kukubali kutoa pesa ni ombi tu.

Hapa ndipo kotesheni inapochanganywa na bei ya soko. Sheria inataka watu wasiopungua watatu waalikwe kuleta kotesheni, na katika ofisi nyingi karatasi hizo tatu zikishafika mezani, soko linahesabiwa limepimwa. Lakini kotesheni tatu ni maombi matatu. Zikitoka kwa wauzaji wanaojuana, au kwa maduka matatu yenye mwenyewe mmoja, ya chini kabisa kati yake yaweza kuwa maradufu ya mauzo halisi ya mtaa wa pili. Mnunuzi atakuwa amefuata utaratibu hatua kwa hatua na bado ameipoteza pesa ya umma. Ndiyo maana upimaji wa bei unapaswa kutangulia kotesheni, ufanywe na mtu asiyeuza chochote katika shughuli hiyo.

Zabuni nayo ina historia ya kutazamwa. Kwa Kiarabu zabuni ni mteja, mnunuzi. Katika Kiswahili cha zamani, kuzabuni kulikuwa kupandisha bei mnadani: wanunuzi wengi, mali moja, na anayetaja kubwa ndiye anayeondoka nayo. Istilahi ya leo imeligeuza tendo hilo juu chini. Mnunuzi ni mmoja, serikali, na wauzaji ndio wanaoshindana kushuka. Mabadiliko hayo ni halali kabisa, kwa kuwa lugha hufanya hivyo kila siku. Ila mnadani kila mtu husikia bei ya mwenzake, na katika zabuni bahasha hufungwa. Mnunuzi wa mnadani anajifunza bei kwa masikio yake pale pale. Afisa wa ununuzi hana mnada wa kusikiliza, kwa hiyo inambidi aulize.

Naye humuuliza nani? Tuseme ni afisa wa hospitali au wa idara ya maji mjini Kitale, anataka pampu, na mara ya mwisho ofisi yake kununua pampu ilikuwa zamani. Kielezo cha bei kina vitu vingi, lakini hakina kila kitu. Anachofanya ni kumpigia simu mwenzake wa Bungoma. "Mkubwa, ile pampu yenu mliipata kwa ngapi? Na imefanya kazi?" Simu za namna hiyo ndizo zinazoushikilia ununuzi wa umma katika miji yetu, pamoja na mafunzo ya Taasisi ya Usimamizi wa Ugavi ya Kenya, ambako maafisa wa kaunti tofauti hukutana na kubaki wakijuana. Kitale ina wanunuzi wa umma wengi kuliko mgeni anavyodhani: kaunti ya Trans Nzoia, hospitali, Kampuni ya Mbegu ya Kenya yenye makao yake makuu hapo, maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao, na shule chungu nzima. Kila mmoja wao anajua kitu ambacho jirani yake anakitafuta.

Wapo wanaoziogopa simu hizo, wakidhani kuuliza ni kuvujisha siri. Kifungu cha 67 cha sheria hiyohiyo kinachora mpaka, na nadhani kinauchora vizuri. Miongoni mwa yanayokatazwa ni kufichua yaliyomo ndani ya zabuni na kotesheni za watu, au habari itakayovuruga ushindani au kuumiza biashara ya mtu. Mkataba ukishatolewa, mambo hubadilika. Amri ya Rais namba 2 ya mwaka 2018 iliagiza ofisi za umma zitangaze taarifa za zabuni na za kandarasi zilizotolewa, kuanzia Julai mwaka huo. Bei ambayo Bungoma imekwisha kulipa ni habari ya umma. Bei ambayo mfanyabiashara ameiandika kwenye bahasha isiyofunguliwa ni amana. Afisa anayeuliza "mlilipa ngapi, na mkandarasi alileta kwa wakati?" anafanya kazi yake. Anayeuliza "fulani ameandika ngapi?" anamwomba mwenzake avunje sheria, hata kama wote wawili ni watumishi waaminifu.

Sasa nije kwenye jambo linaloifanya istilahi hii iwe ngumu kuliko inavyoonekana. Wakulima wa mahindi wa Trans Nzoia walilijua zamani. Kitale mtu akisema "bei ya serikali" na "bei ya soko", hahitaji kamusi. Bei ya serikali ni ile inayotangazwa kwa gunia la kilo 90 linalopelekwa Bodi ya Nafaka, na bei ya soko ni ile ya mchuuzi anayekuja shambani na lori na pesa mkononi. Mara nyingi ya serikali ni kubwa zaidi, na bado wapo wakulima wanaomuuzia mchuuzi. Si ujinga. Mchuuzi hulipa leo, nao wana karo ya kulipa leo. Wakati ni sehemu ya bei.

Ukiigeuza hesabu hiyo upande wa ununuzi, utaelewa sehemu kubwa ya bei za ajabu katika vitabu vya kaunti. Muuzaji anayepeleka bidhaa kwenye ofisi ya umma huenda akasubiri malipo miezi, pengine hata mwaka. Madeni ya kaunti kwa wauzaji yamekuwa kilio tangu ugatuzi uanze mwaka 2013. Kijana aliyepata kazi kupitia ile asilimia 30 iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu huchukua hati yake ya agizo la ununuzi (LPO), akakopa ili anunue mali, na riba ya mkopo inaanza kuhesabiwa siku hiyohiyo. Akiwa na akili, riba hiyo ataiweka kwenye bei. Asipoiweka, atafilisika. Sheria inatambua riba kwa malipo yaliyochelewa, lakini mfanyabiashara mdogo anayetaka kupewa kazi tena haendi kuidai. Anaificha kwenye kotesheni ijayo.

Kwa hiyo mkaguzi anapoingia dukani Kitale, akanunua kifaa kwa taslimu, kisha akalinganisha risiti yake na vocha ya kaunti, amelinganisha vitu viwili tofauti. Hilo halimwokoi aliyelipa 109,320 kwa wilbaro, maana hakuna riba duniani inayoweza kuzaa tofauti ile. Lakini linatufundisha kwamba istilahi yetu inakosa kitu kama haitaji masharti ya malipo. Vivyo hivyo usafiri: mabomba yaliyoshushwa Bungoma mjini, kando ya barabara kuu ya Uganda, hayana gharama sawa na yaliyopandishwa hadi vijiji vya Mlima Elgon. Dawa zinazopitia KEMSA, mamlaka ya serikali ya kusambaza dawa, zina orodha moja ya bei kwa kaunti zote, na petroli hutangaziwa kikomo chake kila mwezi kwa kila mji. Vitu vingi vilivyobaki havina bahati hiyo.

Tanzania imejaribu njia nyingine. Wakala wa Huduma za Ununuzi Serikalini, ulioanzishwa mwaka 2007, hufunga mikataba ya pamoja na wauzaji wa vitu vinavyotumiwa na ofisi zote, na ofisi huagiza kwa bei zilizokwisha kukubaliwa. Kenya nayo inaruhusu mikataba ya mfumo huo. Ni njia nzuri kwa karatasi na matairi. Kwa kokoto na mchanga bado utalazimika kuuliza bei ya hapo ulipo.

Na hapo ulipo panaweza kuwa Kipsongo. Mtaa huu wa Kitale, wenye familia nyingi za asili ya Turkana, ulikuwa mmoja wa mitaa mitatu, pamoja na Tuwan na Shimo la Tewa, ambako mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakazi walishirikishwa kupanga maendeleo yao na shirika linaloitwa sasa Practical Action pamoja na manispaa. Watu wa hapo huijua bei ya mchanga kwa toroli na ujira wa kibarua kwa siku, kwa sababu wengi wao ndio vibarua. Choo cha umma kikijengwa mtaani mwao, wao ndio wapimaji bei walio karibu zaidi, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inawapa haki ya kuuliza kilijengwa kwa kiasi gani. Wakijibiwa kwa Kiingereza cha mikataba, haki hiyo inabaki kwenye karatasi.

Ningependa basi fomu ya upimaji wa bei katika ofisi za Trans Nzoia na Bungoma iwe na ukurasa wa Kiswahili, na chini ya kichwa "bei ya soko" isiandikwe namba peke yake. Iandikwe sifa za kitu, mahali kilipouzwa, tarehe, idadi iliyonunuliwa, kama bei ina usafiri ndani yake au haina, na muuzaji alilipwa taslimu au baada ya siku ngapi. Mstari wa mwisho uwe wa jina la ofisi ya umma iliyowahi kununua kitu hicho na kiasi ilicholipa, ili simu ya Kitale kwenda Bungoma iache alama ambayo mkaguzi, na mkazi wa Kipsongo, wanaweza kuifuata.