Cheti Namba 1024

Mwaka 1993 kampuni ya Cisco ya Marekani ilianza kutahini mafundi wa mitandao ya kompyuta. Mtihani uliitwa CCIE, na kila aliyefaulu alipewa namba yake. Hesabu haikuanzia moja. Ilianzia 1024, namba wanayoienzi watu wa kompyuta kwa kuwa ni mbili kwa kipeo cha kumi. Lakini hakuna binadamu aliyewahi kupewa namba hiyo. Ilipewa maabara yenyewe, kana kwamba chumba ndicho kilichofaulu kwanza.

Katika miaka hiyo ya mwanzo mtahiniwa alishinda maabarani siku mbili. Aliunganisha ruta na swichi mpaka mashine zikaanza kuzungumza. Kisha alitolewa nje, mtahini akaingia na kuharibu kwa makusudi kile alichokijenga. Akirudi, kazi yake ilikuwa kutafuta ugonjwa na kuutibu kabla saa haijaisha. Hakuulizwa shahada. Hata leo mtihani huo hauna sharti la kupita chuo kikuu.

Sababu yake ni ya kihistoria. Kazi ilizaliwa kabla ya mtaala wake. Lugha ambayo kompyuta za intaneti huzungumza, TCP/IP, ilianza kutumika rasmi kwenye mtandao wa ARPANET tarehe 1 Januari 1983. Cisco yenyewe ilianzishwa mwaka uliofuata na mume na mke waliokuwa wakihudumia kompyuta za Chuo Kikuu cha Stanford, Leonard Bosack na Sandy Lerner. Miaka kumi baadaye ofisi, benki na mashirika ya simu yalitaka mitandao, na hayangeweza kusubiri vyuo viandike vitabu. Palipokosekana shahada, kampuni ikachapisha cheti. Haikuwa sadaka: fundi aliyejifunza kwa ruta za Cisco angemshauri tajiri wake anunue ruta za Cisco. Hata hivyo mlango ulifunguka. Mwaka 1997 ikaanzisha mpango wa mafunzo ulioenea katika shule na vyuo vya nchi nyingi, na mwaka 1998 ukaja mtihani wa ngazi ya chini, CCNA, ambao mgeni wa fani angeweza kuukabili.

Kwetu mlango huo ulikuta watu waliouhitaji. Mwaka 1999 Shirika la Posta na Simu la Kenya lilivunjwa, Telkom Kenya ikarithi simu, na katika miaka iliyofuata maelfu ya wafanyakazi wakapunguzwa. Intaneti nayo ilikuwa ikitafuta njia. Barua pepe kati ya majirani wawili wa Nairobi waliohudumiwa na kampuni tofauti ilipanda setilaiti, ikaenda ng'ambo, ikarudi. Kampuni za intaneti zilipofungua kituo cha kubadilishana mawasiliano humu humu nchini, KIXP, mwishoni mwa 2000, Telkom ililalamika kuwa haki yake ya pekee imevunjwa, na mdhibiti akakifunga baada ya wiki chache. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Mwaka 2009 mikonga ya baharini ya TEAMS na SEACOM ikafika Mombasa, na SEACOM ikatua pia Dar es Salaam. Tangu hapo kila benki, hospitali na hoteli ilimhitaji mtu wa kujua kwa nini mtandao umekatika.

Mtu huyo hakulazimika kuwa mhandisi. Aliyezoea kuvuta nyaya za simu darini tayari anajua nusu ya somo: kufuata waya, kupima, kushuku kiungio kabla ya kushuku mashine. Nusu nyingine, ya anwani na njia za data, anaweza kuisoma usiku kwa programu ya Packet Tracer, inayoiga ruta bila mtu kununua hata moja.

Lakini mlango huu una kodi yake. Ada ya CCNA ni dola 300 za Marekani. Kwa anayelipwa kwa siku hayo ni mapato ya wiki nyingi, na akianguka hulipa upya. Akifaulu, cheti kinaisha baada ya miaka 3. Shahada haina tarehe ya mwisho: aliyehitimu 1998 bado ni mhitimu, hata kama vifaa alivyosomea vimeshauzwa kama vyuma chakavu. Na matangazo mengi ya kazi bado huanza kwa kudai shahada, ndipo yataje cheti.

Kwa hiyo anayefikiria kuhamia kazi hii ajue anachobadilishana. Anaokoa miaka minne ya chuo, lakini mtihani wake hauishi. Mwenzake mwenye shahada ameitundika ukutani. Yeye, akiwa na miaka arobaini na watoto wamelala, atakuwa bado anakokotoa anwani za mtandao mezani, kwa sababu cheti chake kinaisha Machi.