Njia ya Wapagazi Iliyopita Tabora

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kuwaeleza wasikilizaji habari za njia kuu ya zamani, ile iliyotoka Bagamoyo pwani, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe ambako sasa ni mji wa Tabora, kisha ikaendelea hata Ujiji kwenye ziwa la Tanganyika. Urefu wake wote ni kama maili 750. Vijana wengi wamejifunza habari zake shuleni kwa kusoma majina ya Wazungu waliopita humo: Burton, Speke, Stanley, Livingstone, Cameron. Sisi twaona yafaa kuieleza kwa upande wa watu walioifanya kuwa njia, nao ni wapagazi.

Katika nchi ya Peru, huko Amerika ya Kusini, iko njia nyingine ya zamani iliyo mashuhuri duniani. Wafalme wa Inca waliitandika mawe juu ya milima mirefu, na wageni wa siku hizi huenda kwa miguu siku nne mpaka Machu Picchu, mji wa magofu uliojengwa katika karne ya 15. Mtu atokaye huko akaja Tabora kutafuta mawe ya namna ile atarudi mikono mitupu. Njia yetu haikutandikwa jiwe hata moja. Ilikuwa kijia chembamba cha kupita mtu mmoja nyuma ya mwenziwe, na masika yakifika majani yalikifunika. Miguu ya watu ndiyo iliyokifungua tena kila mwaka.

Nayo ni ya kale kuliko misafara ya pembe. Huko Uvinza, karibu na mto Malagarasi, ziko chemchemi za maji ya chumvi, na wataalamu waliochimba mahali pale wameona ya kwamba watu walichemsha chumvi hapo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Chumvi hiyo ilichukuliwa mbali, na majembe ya chuma vilevile yalipita mkono kwa mkono toka nchi hata nchi. Basi Wanyamwezi walikuwa wamekwisha kuzoea safari za biashara, na kufikia mwaka 1800 hivi walikuwa wakishuka pwani wenyewe na pembe zao. Baadaye Waarabu na Waswahili walipopanda bara, walifuata vijia vile vile vilivyokanyagwa na wenyeji.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulikosa. Hudhani ya kwamba kila aliyebeba pembe katika njia ile alikuwa mtumwa aliyefungwa mnyororo. Watumwa walikuwako, nasi hatutaki kulificha hilo: mateka waliswagwa pwani, Tabora yenyewe ilikuwa mahali pa kuuziwa watu, na baadhi ya watemi na matajiri wa Unyamwezi walikuwa na watumwa wao. Walakini wapagazi walio wengi walikuwa watu huru, waliopatana ujira wa nguo kabla ya kuinua mzigo. Mnyamwezi alikwenda pwani wakati wa kiangazi, akajitahidi kurudi kabla ya mvua ili alime. Kijana asiyepata kuiona bahari alichekwa na wenziwe. Na tajiri aliyepunguza posho au kuwapiga watu bila haki aliamka asubuhi akakuta mizigo iko chini na wenyewe wametoroka usiku. Vitabu vya Wazungu vimejaa manung'uniko juu ya jambo hili. Nasi tukivisoma twaona humo watu waliojua thamani ya kazi yao.

Mzigo wa desturi ulikuwa frasila mbili, yaani ratili 70, na juu yake mpagazi alichukua mkeka wake, chungu, chakula na silaha. Nguo za merikani na kaniki zilifungwa zikawa kama mto mrefu, zikakazwa kwa fito ambazo ncha zake zilitokeza chini, hata mpagazi akitaka kupumzika aliweza kuusimamisha mzigo na kuuegemeza mtini, usiguse tope. Masango ya shaba yalichukuliwa kwa mzegazega, huku na huku. Pembe kubwa zilikuwa za watu wenye nguvu kupita wote, nao walizionea fahari, wakazitundikia njuga ili mlio wake usikike mbali.

Safari ilianza kabla ya jua kupanda. Kirangozi alitangulia na bendera nyekundu ya Unguja, amevaa manyoya na ngozi za mbega, naye alikuwa mwenzao, mwenye mzigo kama wao. Baragumu ikapigwa, na wote wakamfuata. Jua likiwa kali walitua, wakakata miiba wakafanya boma, wakapika makundi kwa makundi. Mwendo wa siku ulikuwa maili 10 au pungufu. Katika Ugogo ililazimu kutoa hongo kwa kila mtemi, kwa kuwa maji ni machache na visima vina wenyewe. Na baada ya Ugogo ilikuja Mgunda Mkali, nyika isiyo watu, ambamo msafara uliterekeza, yaani ulikwenda mchana na kulala bila maji ili kesho yake ufike kisimani mapema. Ndiyo maana Burton na Speke, waliotoka pwani katikati ya mwaka 1857, hawakufika Kaze, yaani Tabora, ila mwezi wa Novemba.

Aliyefika Tabora aliona nyumba za tembe zenye dari za udongo, mashamba ya mpunga, na watu wa kila kabila. Hapo misafara iligawanyika: mingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, mingine kusini, mingine magharibi hata Ujiji. Mwenye kuitawala Tabora aliitawala biashara yote ya bara, na kwa sababu hiyo Mtemi Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu mwaka 1871 na kuifunga njia ya Ujiji. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ilimbidi azunguke kwa kusini, asifike Ujiji ila Novemba.

Wawili hao walirudi pamoja hata Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mwezi wa Februari 1872. Stanley akaenda zake pwani. Livingstone akabaki katika tembe miezi mitano na zaidi, na aliyekuwa akiwangoja ni wapagazi. Mtu yule aliyesifiwa Ulaya nzima hakuweza kwenda hatua moja mpaka watu waliopelekwa na Stanley walipofika Agosti. Alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake pale pale, wakaukausha mwili wakauchukua. Walipofika Kwihara mwezi wa Oktoba walimkuta Cameron, naye akawashauri wamzike hapo. Wakakataa. Walipoingia katika nchi ambayo wenyeji hawakutaka maiti apitishwe, waliufunga mwili upya ukafanana na mzigo wa nguo za merikani, wakapita. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo, baada ya mwendo wa zaidi ya maili 1,000, na Aprili ukazikwa London katika kanisa la Westminster. Wengi wa wachukuzi wale hawakualikwa mazikoni. Walilipwa ujira wao pwani wakaagwa.

Wadachi waliishinda Unyanyembe mwaka 1893, ambapo Mtemi Isike aliwasha baruti akajilipua ndani ya boma lake asikamatwe. Reli yao ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikachukua kwa siku chache mizigo iliyochukuliwa kwa miezi. Kazi ya upagazi ikafa, kisha ikafufuka kwa ubaya wakati wa vita vya 1914 hata 1918, pande zote mbili zilipowatwaa watu kwa nguvu, na maelfu wakafa njiani. Wazee wengi waliposema habari za upagazi waliukumbuka huu wa vita, na ule wa ujira ukasahauliwa.

Mwaka 2006 serikali ya Tanzania iliiweka njia hii katika orodha ya mahali panapopendekezwa kuhifadhiwa na UNESCO, na Kwihara na Ujiji zimo. Mwenye kutaka kuifuata aende kiangazi. Kwihara ataona tembe lililojengwa upya, nalo ni nyumba ya makumbusho. Tabora na Ujiji ataona miembe. Kati ya Tabora na Malagarasi asitazamie kukiona kijia chenyewe, maana majani yamekwisha kukifunika. Na aulize wenyeji vilipo visima vya zamani, kwani msafara haukulala mbali na maji, na toka kisima hata kisima ndipo njia ilipopita.